Kupimwa Mapafu na Kuacha Sigara



Naomba nafasi katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu nipate kueleza jambo lililonikaa moyoni tangu mwaka 2024. Najua ya kuwa kurasa hizi kwa kawaida hujazwa habari za mpira, za safari za darasa, na za wenzetu waliooa au kupata vyeo. Lakini mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani, na jambo hili lilianza hapo hapo shuleni, nyuma ya jiko, mahali ambapo hapana shaka baadhi ya wasomaji wapajua vizuri kuliko wanavyopenda kukiri.

Nilivuta sigara yangu ya kwanza mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka 17. Tulikuwa wawili, na mwenzangu ndiye aliyekuwa na kiberiti. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mjane wake na watoto wapo. Alipomaliza masomo akawa dereva wa lori, akichukua mizigo kati ya Kigali na Dar es Salaam kwa njia ya Rusumo. Mimi nikakaa hapa mjini, Nyamirambo, nikafanya kazi ya uhasibu. Kila aliporudi safari tulikutana, tukazungumza, tukavuta. Mwaka 2023 akaanza kukohoa. Katika zahanati moja akapewa dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi mingi, akakonda, na kikohozi hakikwisha. Alipokuja kupigwa picha kwa mashine kubwa, kansa ilikuwa imekwisha kutoka katika pafu ikafika kwenye mifupa. Akafa mwezi wa Februari 2024. Tulimzika siku ya mvua, na baada ya mazishi wanne kati yetu tulisimama kando ya ukuta wa makaburi, tukawasha sigara. Siyasemi haya kwa kujivuna. Ndivyo tulivyokuwa.

Baada ya hapo hofu ikaniingia. Mimi nami nilikuwa na kikohozi cha asubuhi, kile ambacho kila mvutaji anacho na hukiita baridi. Nikaenda hospitali moja ya hapa Kigali, nikaomba nitazamwe. Wakaniandikia kipimo cha sitiskani. Kwa wasioijua, hii ni mashine iliyo kama pete kubwa. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda kinachoingia katikati ya pete, na mashine hupiga picha za kifua kipande kwa kipande, kama mtu akataye mkate, hata kinundu kidogo kama punje ya mtama kikaonekana. Bima ikalipa sehemu yake, nami nikalipa iliyobaki, nikaambiwa nirudi baada ya wiki moja kuchukua majibu.

Wiki hiyo sikulala vizuri. Na jambo moja nataka msomaji alishike: wiki hiyo sikuvuta sigara hata moja. Siku saba! Mimi ambaye kwa miaka 26 sikuwahi kumaliza siku mbili. Hakuna aliyeniambia niache. Ilikuwa hofu tu.

Nikarudi. Daktari akatazama picha, akasema, “Mapafu yako ni safi, mzee. Pana kovu dogo la zamani tu.” Akafunga faili, akamwita mwingine. Tangu nilipoingia hospitali ile mara ya kwanza mpaka nilipotoka mara ya mwisho hapana mtu aliyeniuliza kama navuta sigara, wala kama ningependa kuacha. Si yule wa mapokezi, si mpiga picha, si daktari. Nikashuka ngazi, nikavuka barabara, nikanunua pakiti nzima, na ile ya kwanza niliivuta kwa furaha kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani. Miezi iliyofuata nilivuta zaidi kuliko zamani, maana nilijiona nina cheti.

Basi hii ndiyo hoja yangu, na yeyote atakaye kunipinga na anipinge katika toleo lijalo. Kumpima mvutaji mapafu bila kumsaidia kuacha ni kazi nusu. Na kwa watu wa namna yangu ni mbaya kuliko kutompima kabisa.

Labda msomaji atauliza, je, ziko nchi zinazowapima mapafu watu ambao bado hawajaugua? Naam, ziko. Huko Marekani walifanya uchunguzi mkubwa kwa wavutaji na walioacha kuvuta, watu 53,454 wa umri wa miaka 55 hadi 74. Nusu walipimwa kwa sitiskani ya mionzi midogo mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu, na nusu kwa eksirei ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: katika kundi la sitiskani vifo vya kansa ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka 2020 Waholanzi na Wabelgiji wakatangaza matokeo ya uchunguzi wao, na kwa wanaume vifo hivyo vilipungua kwa asilimia 24 katika miaka kumi. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kansa ya mapafu huja kimya. Pafu halina uchungu kama jino. Mtu akianza kutema damu au kukonda, mara nyingi ugonjwa umekwisha kusafiri. Kinundu kikionekana kikiwa bado kidogo, daktari wa upasuaji aweza kukiondoa.

Kwa hiyo kipimo chenyewe si uchawi wala si upuuzi. Lakini tazama ni nani apimwaye. Huko Marekani, tangu mwaka 2021, wanaoshauriwa kupimwa ni wenye umri wa miaka 50 hadi 80, ambao bado wavuta au waliacha kabla ya miaka 15 kupita, na ambao wamefikisha “pakiti-miaka” 20. Pakiti-mwaka moja maana yake ni kuvuta pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima. Mimi nilivuta nusu pakiti kwa siku kwa miaka 26, basi ni 13. Sikufikisha umri wala sikufikisha pakiti. Sasa chukua mvutaji wa kawaida wa Nyamirambo au Nyabugogo, ambaye hununua sigara moja moja, tano kwa siku. Ili afikishe 20 itampasa avute kwa miaka 80! Wanafunzi wa hesabu na wahakikishe. Yaani kipimo kilichokatwa kwa mwili wa Mmarekani hakimkai Mnyarwanda, kama vile koti la kununua kwa mtumba: zuri, lakini mikono mirefu.

Tena kuna jambo la makovu. Katika uchunguzi ule wa Wamarekani, karibu robo ya picha zilionyesha kitu cha kutiliwa shaka, na katika kila 100 za namna hiyo, 96 hazikuwa kansa. Hizo ni nchi ambazo kifua kikuu ni nadra. Hapa kwetu, ambako kifua kikuu kimeacha makovu katika vifua vya watu wengi, fikiri ni wangapi watakaoitwa, watiwe hofu, watobolewe sindano, halafu waambiwe kuwa ni kovu tu la zamani. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo bila kujua.

Kwa hiyo sisemi serikali inunue mashine kwa kila wilaya na kuwapanga wavutaji mstari. Sina haja ya kudharau yaliyofanywa. Hospitali ya kansa ya Butaro, kule Burera, ilifunguliwa mwaka 2012. Matibabu ya mionzi, ambayo zamani yalitupeleka nchi za nje, yalianza katika hospitali ya jeshi Kanombe mwaka 2019. Mwaka 2025 serikali ilitangaza ya kuwa bima ya mituweli itaongezewa huduma, matibabu ya kansa yakiwamo. Hayo ni mambo makubwa kwa nchi ndogo. Ninalosema ni kwamba katika mambo mawili, mashine na msaada wa kuacha, lile la pili ndilo rahisi zaidi, nalo ndilo tuliloliacha nyuma.

Sasa nije kwa wavutaji wenyewe, maana mara nyingi watu huandika juu yetu kana kwamba hatumo chumbani. Hapa Biryogo pana mahali tunapoketi jioni kunywa chai. Zamani kila mmoja alivuta pale pale mezani. Tangu ile sheria ya mwaka 2013 iliyokataza kuvuta mahali pa watu wengi, wavutaji husimama nje kando ya mfereji. Mimi, ingawa nimeacha, bado husimama nao, kwa kuwa ni rafiki zangu na mazungumzo ya mferejini ni matamu kuliko ya mezani. Nikawauliza: mkiitwa bure kupimwa mapafu, na hapo hapo mkasaidiwa kuacha sigara, mtakwenda?

Wa kwanza kujibu alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka 58, avutaye tangu utoto. Akasema, “Mimi sitaki kujua. Kama ninao ugonjwa, nikiambiwa nitakufa mara mbili, mara ya kwanza siku ile ya kuambiwa.” Nikamwuliza kama angependa kuacha bila kupimwa. Akanyamaza, kisha akasema ya kwamba hajapata kuulizwa hivyo. Watu wote humwambia aache. Hapana aliyemwuliza kama angependa.

Kijana mmoja wa pikipiki akasema yeye atakwenda mara moja, lakini wakianza mahubiri atatoka. “Nyumbani nina mke wa kunihubiria,” akasema, “msikitini nina shehe, na kwenye kituo nina mkubwa wa chama chetu. Daktari na afanye kazi ya daktari.” Wote wakacheka, lakini neno hili nililisikia kwa kila mmoja kwa namna yake. Mvutaji wa Kigali leo ni mtu wa kujificha. Katika nchi yetu wavutaji wamepungua sana. Kwa uchunguzi wa Wizara ya Afya walikuwa karibu watu wazima 13 katika 100 mwaka 2013, na karibu 7 tu mwaka 2022. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini hao saba waliobaki hutazamwa kama watu wachafu, na mtu anayetazamwa hivyo hasemi kweli mbele ya mganga. Akiulizwa kwa ukali, “Wavuta?” atajibu, “Niliacha zamani.” Mimi nilijibu hivyo mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili pakiti ilikuwa mfukoni.

Aliyenitia mawazo zaidi ni mchoma brosheti. Huyu ni mtu wa hesabu kali. Akasema, “Nipimeni kwanza. Nikiwa safi, sina sababu ya kuacha. Nikiwa mgonjwa, nimechelewa, kuacha hakutanifaa kitu. Basi niambie, niache lini?” Watu wakampigia makofi. Nikajiona mimi mwenyewe ndani ya maneno yake, ninashuka ngazi za hospitali na kuvuka barabara.

Sikuwa na jibu papo hapo, lakini ninalo sasa, nami nitampelekea gazeti hili litakapotoka. Ndugu yangu, sehemu zote mbili za hesabu yako zina makosa. Kwanza, picha safi haisemi kuwa moshi haukudhuru. Yasema tu ya kwamba siku ile hapakuonekana kansa katika mapafu. Haikupima moyo wako wala mishipa ya damu ya ubongo, na sigara huua watu wengi kwa njia hizo. Pili, kuchelewa kabisa hakupo. Watafiti wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, ndio walioandika mwaka 1950 wakionyesha uhusiano wa sigara na kansa ya mapafu. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuata madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta, na uchunguzi huo uliendelea miaka 50. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2004, ni haya: aliyevuta maisha yake yote alipoteza kiasi cha miaka 10 ya kuishi. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa kiasi cha miaka 3. Aliyeacha na 50, miaka 6. Aliyeacha na 40, miaka 9. Na aliyeacha na 30 alirudishiwa karibu yote. Hata yule ambaye amekwisha kuonekana na kansa, akiacha hufaidika, kwani matibabu humkaa vizuri zaidi. Mchoma brosheti ana miaka 41. Na akate nyama yake kwa hesabu hiyo.

Alikuwako pia bibi mmoja wa Kimisagara, aliyekuja kumfuata mjukuu wake, naye huvuta kiko. Wasomaji wa mjini huenda wamesahau ya kuwa zamani tumbako ilikuwa heshima. Mgeni alipewa pombe na tumbako, na bibi zetu walivuta kiko jioni bila mtu kuwanyooshea kidole. Nilipomwuliza akaniambia, “Mwanangu, wote niliowazika hawakuvuta.” Nikainamisha kichwa. Kwa mtu wa umri wake katika nchi hii jibu hilo halina bishano, wala sikutaka kubishana. Tena si kila kansa ya mapafu ni ya sigara. Moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na dirisha nao una sehemu yake, na bibi yule amepika ndani ya moshi huo maisha yake yote.

Basi kutokana na mazungumzo haya nimeona jambo moja. Wavutaji hawakatai kupimwa. Wanakataa kupimwa na mtu aliyekwisha kuwahukumu. Na wengi wao huutaka msaada wa kuacha kuliko wanavyosema.

Tena si mimi peke yangu ninayeliona hivyo. Medicare, mpango wa bima ya wazee wa Marekani, ulipokubali kulipia kipimo hiki mwaka 2015 uliweka sharti kwamba mvutaji azungumze kwanza na mganga, na katika mazungumzo hayo aelezwe juu ya kuacha. Kule Leeds, Uingereza, walikwenda mbele zaidi. Mashine zao waliziweka ndani ya magari makubwa, wakayaegesha karibu na maduka ambako watu hupita. Mvutaji akiisha kupimwa, pale pale alikuwako mtu wa kazi hiyo, akamkaribisha, akampa dawa za kumsaidia na kumfuata kwa wiki kadhaa. Wengi walikubali kuketi naye, ingawa hawakuja kwa ajili hiyo. Kisha wakajaribu jambo jingine: baadhi ya wavutaji walipewa kitabu chenye picha za mapafu na moyo wao wenyewe, waone kwa macho madhara waliyojifanyia. Mimi ningaliapa ya kuwa picha hizo zitawashinda nguvu. Hazikuongeza jambo la maana. Waliopewa picha na wasiopewa waliacha karibu sawasawa. Kilichofanya kazi ni yule mtu aliyeketi nao, na dawa, na kufuatwa.

Hili lapasa kuwafundisha wale wanaodhani ya kuwa kumtisha mvutaji ndiko kumsaidia. Mimi hofu iliniachisha siku saba, na siku ya nane nilinunua pakiti.

Jinsi nilivyoacha kweli nitaisimulia kwa maneno machache. Mwishoni mwa mwaka 2024 nilimpeleka mtoto wangu kituo cha afya kwa ajili ya homa. Muuguzi, mama wa makamo, alipomaliza kumpima mtoto akaniambia kwa sauti ya chini, mtoto asisikie, “Baba, sigara ya kwanza unaivuta saa ngapi ukiisha kuamka?” Hakuuliza kama navuta, nadhani koti langu lilikuwa limekwisha kumjibu. Nikasema, “Kabla sijanawa uso.” Akasema, “Basi ni mwili unaoidai. Si kwamba huna akili.” Nawaambieni, Bwana Mhariri na wasomaji, kwa miaka 26 sikuwa nimesikia neno la namna hiyo. Akaniambia nichague siku, nimwambie mke wangu, nitoe kiberiti na vibweta vya majivu nyumbani, na akachukua namba yangu ya simu. Siku ya tatu akanipigia. Nilikuwa nimekwisha kuanguka. Hakunigombeza, akaniambia nichague siku nyingine. Nikaanguka tena. Ndugu mmoja akaniletea kutoka Nairobi chingamu ya nikotini, na kwa mara ya tatu, mwezi wa Februari 2025, nikaacha. Sijavuta tangu siku hiyo, ingawa bado naiota usiku, na katika ndoto huwa ni mwenzangu anayenipa kiberiti.

Chingamu ile na vibandiko vya nikotini si anasa. Shirika la Afya la Dunia liliziingiza dawa hizo katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya aina mbili, bupropioni na vareniklini. Mvutaji wa Nyamirambo asiye na ndugu Nairobi atafanyaje?

Hapa najua nitajibiwa: kwa nini fedha za umma zimfuate mtu aliyejitakia mwenyewe? Hoja hii naisikia sana, hasa kutoka kwa watu wasiovuta ila wanywao. Jibu langu ni kwamba mvutaji amekwisha kulipa. Mwaka 2025 ushuru wa sigara ulipandishwa kutoka faranga 130 hadi 230 kwa pakiti, juu ya ile asilimia 36 ya bei ya rejareja. Mimi nauunga mkono ushuru huo kwa mikono miwili. Bei humzuia mwanafunzi mwenye faranga chache kuliko hotuba kumi. Lakini mtu unayemtoza ili aache, mwoneshe na mlango wa kutokea. Na hata hilo la “kujitakia” lataka kutazamwa. Nilikuwa na miaka 17. Wengi wetu tulianza kabla hatujaruhusiwa kupiga kura. Vijana wa shule wanaosoma haya wasidhani nawasema baba zao tu: shisha ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Desemba 2017, na bado nasikia mengi.

Sasa nilitakalo ni dogo, wala halihitaji mashine. Tangu mwaka 2016 tunazo hapa Kigali zile Jumapili za barabara bila magari, siku hizi mara mbili kwa mwezi. Watu hukimbia, huendesha baiskeli, kisha hupimwa bure shinikizo la damu, sukari na uzito. Wavutaji huenda, nimewaona, nami nilikuwa miongoni mwao, nikipumua kwa taabu nyuma ya watoto. Pawekwe meza moja zaidi na viti viwili. Aketi hapo muuguzi mmoja mwenye sauti ya chini, aulize saa ya sigara ya kwanza, achukue namba ya simu, apige siku ya tatu. Mwenye kikohozi kisichokwisha au anayetema damu apelekwe mapema kwenye picha, asikae miezi akimeza dawa za ugonjwa ambao si wake. Vivyo hivyo katika kila chumba cha sitiskani: anayengoja majibu yu katika wiki yake ile ya hofu, na wiki hiyo hairudi.

Miongoni mwetu sisi wanafunzi wa zamani wapo waganga na wauguzi. Wengine walisimama nasi nyuma ya jiko. Nawaomba wanaoweza kutoa Jumapili moja waniandikie kwa njia ya Mhariri, tupeleke ombi letu kwa wakuu wa Jiji kwa pamoja, tukiwa na majina ya watu walio tayari kuketi pale mezani.

Juzi nilimweleza fundi cherehani habari ya meza hiyo. Akauliza ni bure, nikasema ni bure. Akauliza kama ni lazima apigwe picha, nikasema si lazima. Akafikiri kidogo, akauliza, “Na huyo wa mezani, atanifokea?” Nikamwambia ya kuwa mimi mwenyewe nitaketi kando yake. Akasema atatazama, akawasha nyingine, akaigeuza upande wa pili moshi usinijie.